Kichwa cha treni ya modeli kisichovuta: mwongozo kamili wa kutafuta kosa na kulirekebisha

Kichwa kikiwa peke yake kinakimbia vizuri. Ukikifunga mabehewa manne kinakwenda. Ongeza la tano, na kikifika kwenye kona yenye mwinuko kinakwama pale pale. Wengi wakifika hapo huchukua bisibisi na kufungua mota. Naomba usianze huko. Kabla ya kugusa skrubu hata moja, inama mpaka macho yawe usawa wa reli, washa umeme, na uyatazame magurudumu wakati kichwa kinashindwa.

Magurudumu yakiendelea kuzunguka huku treni imesimama, nguvu unayo ila mshiko huna: mota ni nzima na hakuna haja ya kuifungua. Magurudumu yakisimama kabisa huku taa zikiwaka, mota imezidiwa, na hapo utachunguza umeme, kaboni (vijipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka), sumaku na kila kinachobana mwendo. Ukiisikia mota ikikimbia ndani huku magurudumu hayageuki, au yanageuka kwa kushtuka-shtuka, kosa liko kwenye gia. Haya ni matatizo matatu tofauti, na dawa ya moja hulizidisha jingine. Kumwongezea uzito mgonjwa wa mota ni kumuua.

Nitakayoyaeleza yanahusu vipimo viwili vya modeli: HO, yaani 1:87 ya treni halisi, na OO ya Uingereza, 1:76. Zote mbili hutembea kwenye reli yenye upana wa milimita 16.5 na kwa kawaida hutumia umeme wa DC usiozidi volti 12. Mwenye N ya 1:160, yenye reli ya milimita 9, atafuata njia hii hii, ila kwake kila gramu ina uzito zaidi.

Hatua ya kwanza: pima, usikisie

Andaa mizani ya jikoni ya kidijitali, mita ya umeme, uzi mwembamba na kapi dogo linalozunguka kwa urahisi. Gurudumu la behewa bovu linafaa sana kuwa kapi, kwa sababu ukingo wake huuzuia uzi usichomoke.

Kwanza pima uzito wa kichwa chenyewe. Kisha weka mizani sakafuni chini ya ukingo wa meza, na juu yake jiwe au chupa ya maji ya kama gramu 500. Funga uzi kwenye jiwe, upandishe wima hadi kwenye kapi lililokazwa ukingoni mwa meza, kisha uulaze hadi kwenye kiungio cha nyuma cha kichwa kilichosimama juu ya reli iliyonyooka. Fungua umeme taratibu. Kichwa kikivuta, jiwe linapunguziwa uzito na namba ya mizani inashuka. Kama ilikuwa 500 na sasa inasoma 438, kichwa chako kinavuta gramu 62. Usiache mota imebanwa hivyo kwa zaidi ya sekunde mbili tatu, maana itapata moto. Rudia mara tatu kwenda mbele, kisha kigeuze, funga uzi mbele yake, na upime mara tatu kikirudi nyuma. Tofauti kubwa kati ya mbele na nyuma ni dalili tutakayoihitaji baadaye, kwa hiyo iandike.

Sasa linganisha. Magurudumu ya chuma yasiyo na raba, yakiwa safi, huvuta kama moja ya tano hadi robo ya uzito unaoyakalia. Kichwa cha gramu 300 ambacho magurudumu yake yote yanaendeshwa kinapaswa kuvuta gramu 60 hadi 75 hivi, na chenye raba kinavuta zaidi. Ukipata namba hizo kichwa ni kizima, na tatizo liko nyuma yake au chini yake.

Hatua ya pili: mabehewa na mwinuko

Hapa ndipo nilipowahi kupoteza jioni mbili nzima. Nilikuwa nimesafisha mota, nimebadilisha kaboni, nimepaka grisi mpya, na bado treni ilikwama mahali pale pale. Kumbe behewa la tatu lilikuwa na ekseli iliyojaa nyuzi za zulia, na lilikuwa likiburutwa muda wote.

Chukua ubao ulionyooka wenye urefu wa mita moja, weka juu yake kipande cha reli na behewa moja. Inua upande mmoja polepole, ukiligusa behewa kidogo kwa kidole, mpaka litelemke lenyewe bila kusimama. Kama umeinua milimita 20, behewa hilo linadai asilimia 2 ya uzito wake ili livutwe kwenye tambarare, yaani gramu 2 kwa kila gramu 100. Behewa zuri lenye ekseli zenye ncha kali kama sindano hufika hapo au chini ya hapo. La zamani lenye ekseli butu, au lenye vibati vinavyokwaruza gurudumu ili kuwasha taa za ndani, linaweza kudai mara mbili au tatu ya hizo. Pima kila behewa. Moja lililokwama linaweza kula nguvu ya manne.

Kisha fanya hesabu ya mwinuko. Kila asilimia 1 ya mwinuko inaongeza gramu 10 kwa kila kilo ya treni, na uzito wa kichwa chenyewe unahesabiwa pia. Tuseme una mabehewa 8 ya gramu 120, jumla gramu 960, na kila moja linadai asilimia 2. Kwenye tambarare yanahitaji gramu 19 tu. Yapandishe mwinuko wa asilimia 3: ongeza gramu 29 za mabehewa na gramu 9 za kichwa cha gramu 300, jumla 57. Kichwa kinachovuta 65 kimebakiwa na 8. Kona kali inaweza kuzimaliza zote, kwa sababu kwenye kona kingo za magurudumu husugua reli.

Chama cha wapenzi wa reli za modeli cha Marekani, NMRA, kinapendekeza behewa la HO liwe na aunsi 1 na kuongezwa nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu, kwa hiyo la inchi 6 liwe na aunsi 4, karibu gramu 113. Uzito huo husaidia behewa lisiruke reli. Lakini kama mabehewa yako ni mengi, kichwa ni chepesi na kuna mlima, kuwa chini kidogo ya pendekezo hilo si kosa.

Kupima mwinuko ni rahisi: weka kipimio cha usawa cha fundi seremala juu ya reli, inua upande wa chini mpaka kiputo kisimame katikati, pima nafasi iliyobaki, gawanya kwa urefu wa kipimio. Milimita 9 kwenye kipimio cha milimita 300 ni asilimia 3. Chunguza hasa pale tambarare inapogeuka kuwa mlima. Mara nyingi mjengaji hudhani mlima wake ni wa asilimia 3 kote, kumbe kuna sentimita 20 za asilimia 5.

Magurudumu yakizunguka patupu

Anza na usafi, na anza na reli. Pitisha kitambaa cheupe juu ya reli kwenye eneo linaloishinda treni. Kikitoka cheusi na chenye kuteleza, kuna mafuta, na mara nyingi yametoka kwenye kichwa chenyewe: tone la ziada kwenye ekseli hurushwa hadi kwenye magurudumu, na magurudumu huyapaka reli zote za mzunguko. Safisha reli kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili, kisha magurudumu ya kichwa, kisha ya mabehewa, maana ukiyaacha haya ya mwisho yatarudisha uchafu baada ya mizunguko kumi. Msasa mkali usiutumie. Unachora mikwaruzo kwenye reli, na uchafu unajificha humo.

Kisha raba. Vichwa vingi vina mfereji mwembamba kwenye gurudumu moja au mawili, na ndani yake kumevalishwa pete ya raba ili ishike reli. Pete hiyo ina maisha yake. Iguse kwa ncha ya kijiti cha meno: nzima hubonyea na kurudi. Ikiwa ngumu na inang'aa kama plastiki, imekufa. Ikiwa imelegea na inazunguka ndani ya mfereji, imeingiwa na mafuta na kuvimba. Ikipasuka na kupotea, gurudumu linabaki na mfereji mtupu usiogusa reli vizuri, na kichwa kitavuta vibaya kuliko kile ambacho hakikuzaliwa na raba.

Kubadilisha kunahitaji subira tu. Toa ya zamani kwa kijiti, safisha mfereji wote kwa spiriti mpaka ubaki chuma kitupu, pima kipenyo cha chini ya mfereji kwa kalipa, na ununue pete ambayo kipenyo chake cha ndani ni kidogo kuliko hapo kwa kiasi kidogo, ili ikae kwa kujibana. Ilowanishe kwa spiriti, vuta upande mmoja ndani ya mfereji, kisha izungushe kwa vijiti viwili mpaka iingie yote. Usiigundishe kwa supa gluu. Gundi ikikauka inaacha kinundu, na kichwa kitatembea kwa kuchechemea. Ukimaliza, zungusha gurudumu ukiwa umelitazama kwa pembeni: pete isipande wala kushuka.

Kama gurudumu lako halina mfereji, kuna kimiminika kiitwacho Bullfrog Snot kinachopakwa kwenye gurudumu na kukauka kuwa ngozi ya raba. Kinafanya kazi. Lakini raba ya aina yoyote haipitishi umeme, kwa hiyo ukiipaka kwenye magurudumu mengi kichwa kitaanza kukatikakatika kwa kukosa umeme. Ekseli moja inatosha.

Baada ya usafi na raba, uzito. Na si uzito tu, bali unakalia wapi. Hapa huwa nakumbuka vichwa vya daraja la 59 vya Reli ya Afrika Mashariki, vile vya mvuke vya aina ya Garratt vilivyotoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Uingereza mwaka 1955 na 1956, 34 kwa jumla, vyenye majina ya milima. Kimoja, Mount Gelai namba 5918, kipo kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi, na ukisimama mbele yake unaielewa fizikia kwa macho. Vilikuwa na uzito wa tani 252, na matangi ya maji na mafuta yalikaa juu ya magurudumu yanayoendeshwa, mbele na nyuma. Kilichobebwa kwa ajili ya kuchomwa na kuchemshwa kilifanya kazi ya pili ya kukandamiza magurudumu kwenye reli. Kichwa chako kidogo kinataka hivyo hivyo.

Jaribu hili. Kata vipande vya karatasi nyembamba, weka kimoja chini ya kila gurudumu linaloendeshwa, kisha kivute taratibu. Karatasi inayochomoka bila upinzani inakuambia gurudumu lile halijabebeshwa kitu. Mara nyingi sababu ni springi ya magurudumu madogo ya mbele: ina nguvu kupita kiasi, inanyanyua pua ya kichwa. Ilegeze kwa kukata mzunguko mmoja. Wakati mwingine ni vibati vya kuchukulia umeme vinavyosukuma gurudumu juu, au kiungio cha tenda (kigari cha nyuma cha kubebea makaa na maji) kilichokaa juu mno kikinyanyua mkia wa kichwa.

Kisha laza kichwa juu ya penseli ya mviringo na utafute kinapokaa sawa bila kuinama. Nukta hiyo inapaswa kuwa katikati ya magurudumu yanayoendeshwa. Ikiwa mbele mno, ongeza uzito nyuma, na kinyume chake. Na uhakikishe unajua mota inaendesha magurudumu yapi! Kampuni ya Hornby, kwa mfano, ilitengeneza vichwa vingi vya mvuke ambavyo mota yake iko kwenye tenda. Kwa vichwa hivyo, risasi utakayojaza kwenye bodi ya mbele ni mzigo mtupu. Uzito uende kwenye tenda.

Cha kuongezea uzito si lazima kiagizwe mbali. Risasi ndogo za wavuvi wa mshipi zinaingia vizuri kwenye pembe za ndani ya bodi. Nawa mikono baada ya kuzishika, usizipige tupa ndani ya nyumba maana vumbi la risasi ni sumu, na uzipake rangi au varnishi. Ziweke mbali na nyaya na miguu ya mota, kwa sababu zinapitisha umeme. Mwenye watoto wadogo nyumbani atumie udongo wa tangsteni, ni ghali lakini ni salama zaidi.

Ongeza gramu 20, pima mvuto, ongeza tena. Kila mara fanya jaribio hili: shika kichwa kisiende, fungua umeme wote kwa sekunde mbili. Magurudumu lazima yazunguke patupu. Yakisimama umezidisha, na siku treni itakapokwama mota itaungua kwa kuwa haina pa kukimbilia. Huko kuteleza ndiko kunakoilinda.

Jambo moja kwa wenye reli za zamani: Tri-ang, kampuni ya zamani ya treni za modeli ya Uingereza, waliwahi kuweka sumaku chini ya vichwa ili zivutane na reli za chuma, wakauita mfumo huo Magnadhesion. Ukiwa na kichwa cha aina hiyo juu ya reli za kisasa za aloi ya nikeli, sumaku haina cha kushika, na kichwa kitaonekana dhaifu ingawa hakina ubovu. Gusa reli kwa sumaku ujue. Reli za chuma zinashika vizuri, ila kwa anayekaa Mombasa, Tanga au Unguja kutu haitampa amani.

Magurudumu yakisimama

Kwanza umeme unaofika. Weka mita kwenye reli mahali treni inapokwama, kichwa kikiwa kinavuta mzigo. Kama kontrola inatoa volti 12 na hapo unasoma 9, nguvu inapotelea njiani, karibu kila mara kwenye viungio vya reli vilivyolegea au kushika uchafu. Lehemu waya wa ziada kutoka kontrola hadi sehemu hiyo. Mwenye DCC, yaani mfumo wa kuendesha treni kidijitali, aangalie kama CV 5 (mpangilio wa kasi ya juu) ya dekoda, kile kifaa cha ndani ya kichwa kinachopokea amri, haikushushwa, kisha akijaribu kichwa kwa DC tupu bila dekoda kabla ya kuilaumu mota.

Umeme ukiwa mzuri, pima ampea. Mota nyingi za kisasa za HO zikitembea hazifiki ampea 0.3, zile za zamani zilizo wazi zinakula zaidi. Kichwa kinachokwenda polepole na kula ampea chache hakipati mguso mzuri: magurudumu machafu, vibati vilivyopinda, kaboni zilizoisha. Kinachokwenda polepole na kula nyingi kinabanwa na kitu, au koili zake zimegusana. Kile kinachokimbia sana kikiwa peke yake, kinakula ampea nyingi, kinapata moto upesi na kulegea kikipewa mzigo, sumaku yake imepungua nguvu.

Kwa kaboni, zitoe moja moja na kumbuka kila moja ilikaa upande gani. Iliyobaki fupi kiasi kwamba springi inakaribia kugusa shaba ibadilishwe. Shaba ya amecha, yaani ya ile sehemu ya mota inayozunguka, isafishwe kwa pamba ya masikio yenye spiriti, na nyufa zilizo kati ya vipande vyake zikwanguliwe kwa kijiti cha meno, kwa maana unga wa kaboni ukijaa humo umeme unaruka kutoka kipande hadi kipande. Kisha pima kwa mita kati ya vipande, viwili viwili. Amecha ya nguzo tatu inatoa vipimo vitatu, navyo viwe sawa. Kimoja kikiwa chini sana kuliko vingine, koili imeungua na amecha inahitaji kusukwa upya au kubadilishwa.

Onyo kuhusu mota za zamani zenye sumaku ya Alnico, kama X04 ya Tri-ang: usichomoe amecha bila kuziba pengo la sumaku kwa kipande cha chuma. Sumaku hizo hudhoofika amecha ikitoka. Sumaku ndogo za neodimiamu zinaweza kuwekwa badala yake na mota ikafufuka, mradi pande zake zielekee kama za mwanzo. Zikigeuka, mota itazunguka kinyume.

Kabla ya kuilaumu mota kwa kula ampea nyingi, itoe kwenye fremu na uiwashe peke yake. Ikiwa nyepesi nje na nzito ndani, kinachobana ni grisi ya zamani. Kichwa kilichokaa kwenye boksi miaka ishirini huwa na grisi iliyogeuka ulimbo wa kahawia. Ikwangue yote kwa mswaki na spiriti, gia moja moja, kisha paka grisi mpya isiyodhuru plastiki, kiasi cha kichwa cha kiberiti, na tone moja la oili nyepesi kwenye kila bushi.

Mota ikikimbia na magurudumu yasigeuke

Gia za nailoni zilizokandamizwa kwenye ekseli hupasuka kwa uzee. Tumia kioo cha kukuza: ufa huonekana kati ya meno mawili yaliyoachana kuliko mengine, na ndio unaotoa mlio wa tik, tik, kila mzunguko. Gia iliyopasuka hainati tena kwenye ekseli, kwa hiyo bila mzigo inazungusha, na ikipewa mzigo inateleza. Gundi haishiki nailoni. Nunua nyingine.

Kama pale mwanzo uliandika kwamba kichwa kinavuta vizuri mbele na vibaya nyuma, shika gia ya skrubu iliyo kwenye shafti ya mota uisukume mbele na nyuma. Ikisogea zaidi ya nusu milimita hivi, weka washa nyembamba nyuma yake. Isikaze kabisa, acha icheze kidogo tu.

Kwa vichwa vya mvuke vinavyochechemea mara moja kila mzunguko, fungua fimbo za pembeni na utenge mota. Sukuma fremu juu ya kipande cha kioo cha dirisha kilicholazwa mezani: iende yenyewe. Rudisha fimbo, sukuma tena. Ikianza kukwama, gurudumu moja limezunguka kwenye ekseli yake na pembe za kranki hazilingani na za ekseli nyingine. Ligeuze kidogo kidogo kwa mkono mpaka fimbo zipite bila kubana, kisha pima nafasi ya ndani kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Kwa OO iwe karibu milimita 14.5.

Ukishafunga kila kitu, zungusha kichwa bila mzigo kwa nusu saa mbele na nusu saa nyuma kwa mwendo wa wastani, ili kaboni mpya zichukue umbo la shaba. Futa reli tena, maana mafuta ya ziada yameshatoka. Kisha kirudishe kwenye uzi na mizani, pima mvuto, na uandike namba hiyo kwa penseli ndani ya kifuniko cha boksi lake, pamoja na tarehe na uzito wa kichwa.